Gari langu liliitwa kiwandani, na mume wangu anataka tuliuze kimya kimya

Fundi, pokea salamu zangu kutoka Kahawa Sukari.

Mimi ni mwalimu na mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa, mwingine minne. Desemba iliyopita tulinunua SUV ndogo ya Kijapani katika yadi moja hapa Nairobi. Ni ya mwaka 2014, iliingia nchini 2021, na mwenyewe wa kwanza hapa Kenya alikuwa akiishi Nyali, Mombasa. Tulilipa shilingi 1,480,000. Nusu ni akiba yangu ya chama, nusu ni mkopo wa sacco ambao bado nakatwa kwenye mshahara.

Miezi miwili ya kwanza sikuona neno. Baadaye gari likaanza kugonga chini upande wa kushoto kila nikivuka tuta, na nikipanda pale Uthiru kwa mwendo wa pole wakati wa msongamano linatetemeka kama mtu mwenye homa. Kisha taa za dashibodi zikaanza kufifia, nikalipeleka kwa fundi wa stima. Alipoifungua ile dashibodi akaniita nione. Nyuma ya kile kialama chekundu cha mtu aliyeketi na duara mbele yake, mtu alikuwa amebandika utepe mweusi, kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kimekatwa kwa wembe kikanyooka. Fundi alikibandua kwa ncha ya bisibisi, akawasha swichi. Taa ikawaka na haikuzima tena. Akaniambia hiyo ndiyo taa ya mifuko ya hewa.

Usiku huo mpwa wangu aliye chuoni alichukua namba ya chasisi kwenye logibuku akaiingiza katika tovuti ya serikali ya Marekani, ikakataa. Akajaribu tovuti ya kiwanda huko Japani, simu ikitutafsiria. Ikaonyesha gari limewahi kuitwa mara mbili, yaani kiwanda kimetaka lirudishwe lirekebishwe kasoro. Mwito wa kwanza ulishatekelezwa. Wa pili, unaohusu kile kitu kinachojaza mfuko wa hewa upande wa abiria, haujatekelezwa. Tukaendelea kusoma malalamiko ya wenye magari kama hili huko Marekani, na hapo ndipo niliposhindwa kulala: giaboksi, injini kula oili, breki, moto.

Mwenye yadi anasema mkataba umeandikwa gari limeuzwa "kama lilivyo, mahali lilipo". Fundi wa stima anasema nimpe 6,000 autoe huo mfuko na kuweka rezista, kile kidude cha kukinza umeme, ili taa izime. Mume wangu ameshapata mteja, mtu wanayefanya kazi pamoja, anaishi Ruaka. Yuko tayari kutoa 1,400,000 kwa sababu mkewe amejifungua juzi na wamechoka na matatu. Mume wangu anasema tusiseme lolote, kwani hata sisi tuliuziwa hivyo hivyo.

Fundi, hii hatari ni ya kweli au ni hofu ya mitandaoni? Na nifanye nini?

Mama Wawili, Kahawa Sukari

JIBU

Mama Wawili, kabla sijaeleza chochote: kuanzia leo mtu yeyote asiketi kiti cha mbele cha abiria katika gari hilo. Si mume wako, si mtoto mkubwa anayedai ameshakua, si jirani anayeomba lifti hadi Githurai. Watoto wakae nyuma, wafunge mikanda, na yule wa miaka minne awe kwenye kiti chake cha watoto. Kama unaweza kuliacha nyumbani hadi upate majibu, liache.

Hatari ni ya kweli. Nyuma ya mfuko wa hewa kuna kichupa cha chuma. Mafundi wengine hukiita kifutuzi, nami nitatumia jina hilo. Gari likigonga, kemikali iliyo ndani yake huwaka na kutoa gesi, mfuko unafutuka kabla hujapepesa jicho. Hukuniandikia kifutuzi chako kiliundwa na nani, lakini katika magari ya umri huo miito mingi ya aina hii ilitokana na vifutuzi vya kampuni ya Takata ya Japani, vilivyouzwa kwa viwanda vingi vya magari. Wao walitumia nitrati ya amonia. Kama umewahi kulima mahindi unaifahamu kwa jina la mbolea ya CAN, maana imo ndani yake. Acha gunia la CAN wazi stoo, urudi baada ya mvua: limevuta unyevu, limegandamana mabonge. Ndani ya gari mambo huenda polepole zaidi, lakini adui ni huyo huyo. Unyevu unapenya, joto la mchana na baridi ya usiku vinaichosha ile kemikali mwaka baada ya mwaka, hadi siku inapowashwa inaungua kwa kasi kupita kiasi. Badala ya kufutua mfuko tu, chupa yenyewe inapasuka na vipande vya chuma vinarushwa kumwelekea aliyeketi mbele yake.

Nchini Marekani peke yake viliitwa vifutuzi milioni 67 hivi. Zaidi ya watu 25 wamefariki huko, na wengine mamia wamejeruhiwa. Kinachoniuma ni kwamba baadhi yao walikuwa katika ajali ndogo, za kugongana njia panda kwa mwendo wa pole, ajali ambayo mtu hushuka akaanza kubishana na mwenzake. Takata yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017.

Sasa unaona kwa nini niliposoma neno Nyali niliweka kalamu chini. Joto na unyevu vikikutana ndipo kemikali hii inapochakaa haraka, na Pwani haikosi kimojawapo. Nairobi ni mahali pa juu na pa baridi kidogo, lakini gari lako halikuzaliwa Kahawa Sukari. Lina miaka yake ya Japani, ambako kiangazi ni joto la jasho, lina miaka yake ya Mombasa, na madhara hayo hayarudi nyuma kwa sababu limehamia bara.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya, nalo ni muhimu kwako. Ile taa na ule mwito ni vitu viwili tofauti. Taa ikiwaka bila kuzima, kompyuta ya mifuko ya hewa imeona hitilafu mahali fulani kwenye mfumo, na huenda mfuko usifutuke kabisa siku ya ajali. Mara nyingi chanzo ni kidogo: plagi za manjano zilizo chini ya viti vya mbele zimelegea mtu alipokuwa akisafisha zulia, au ule utepe wa nyaya uliojikunja ndani ya usukani umekatika. Kifutuzi kilichochakaa hakiwashi taa yoyote. Kompyuta inaangalia kama waya umefika. Haiwezi kuonja kemikali. Maana yake ni kwamba hata taa ingekuwa imezima bila ujanja wa mtu, mwito ungebaki pale pale. Na ukirekebisha taa bila kubadilisha kifutuzi, umeufufua mfumo ili uweze kulipua chupa mbovu. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kifutuzi kwanza, au vyote siku moja, kwa mkono mmoja unaojua kazi.

Hilo linanipeleka kwa fundi wako na rezista yake. Simlaumu, huenda ameona kazi hiyo ikifanywa mara mia. Lakini rezista ni kumdanganya kompyuta aamini kuwa mfuko upo wakati haupo. Taa itazima na wewe utabaki na shimo lililofunikwa plastiki. Atakayelinunua baadaye ataangalia dashibodi, aone kila kitu kiko sawa, ampakie mamake mbele. Huo ni ule utepe mweusi uliokuumiza wewe, ila umefichwa mahali ambapo bisibisi haitaufikia kwa bahati. Tena kufungua kifutuzi kwa spana na kubahatisha ni hatari kwa fundi mwenyewe, kwa sababu kile ni kilipuzi. Mkatalie kwa heshima, mlipe kazi ya dashibodi, umshukuru kwa kukuita uone. Wengi wangekibandika tena wakanyamaza.

Usikubali pia mtu akuletee mfuko wa kubadilisha kutoka gari lililovunjwavunjwa. Spea za Kirinyaga Road zimetuokoa wengi kwa vioo na taa na mlango, lakini mfuko wa gari la mwaka ule ule unaweza kuwa na kifutuzi cha toleo lile lile. Utakuwa umebadilisha nyoka kwa nyoka.

Kuhusu tovuti iliyokataa, msitishwe nayo. Magari yaliyotengenezwa kuuzwa Japani hayana ile namba ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani. Yana namba fupi ya chasisi yenye kistari katikati: kabla ya kistari ni msimbo wa modeli, baada yake namba ya gari lenyewe. Tovuti ya serikali ya Marekani haijui kitu hicho. Mpwa wako alifanya jambo la akili kwenda kwa kiwanda, maana huko ndiko mwito unakofuatiliwa, chasisi kwa chasisi. Fungua boneti, uhakikishe namba iliyo kwenye kibao cha chuma ni ile ile iliyo kwenye logibuku, halafu mrudie utafutaji na mpige picha ukurasa. Angalia pia karibu na kufuli ya mlango wa dereva, pale kwenye nguzo. Japani, gari lililotekelezewa mwito mara nyingi hubandikwa kistika kidogo chenye namba mahali hapo. Kimoja utakiona labda, cha ule mwito wa kwanza.

Utajiuliza gari liliachwaje litoke Japani hivyo. Tangu mwaka 2018 wao hawapitishi kwenye ukaguzi wao wa lazima magari yenye vifutuzi vilivyo katika hatari kubwa kama mwito haujatekelezwa. Lakini mwenye gari anayeona ukaguzi unakaribia na hataki gharama hulipeleka mnada, na mnadani ndiko wanunuzi wetu waliko. New Zealand, ambao hununua mitumba ya Japani kama sisi, walifanya mwito wa vile vilivyo hatari zaidi kuwa wa lazima mwaka huo huo wa 2018, pamoja na magari yaliyoingizwa yakiwa yametumika. Hapa kwetu tumeweka kikomo cha miaka minane, tumeweka ukaguzi kabla ya meli, na hayo ni mazuri. Ila cheti cha ukaguzi kinakueleza gari lilivyosimama siku ile. Mwito unaulizwa kwa chasisi, na nakusihi wewe na kila anayesoma hapa mfanye hivyo kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia gari.

Yale malalamiko ya Marekani yaliyokunyima usingizi, yaweke kando mengi yake. Mwito ni kiwanda au serikali imekubali kwamba kuna kasoro ya usalama. Lalamiko ni mtu mmoja ameandika kilichompata. Huenda ni kweli, huenda hakubadilisha oili miaka mitatu. Zaidi ya hapo, gari la jina lile lile huko linaweza kuwa na injini nyingine na giaboksi nyingine kabisa. Soma malalamiko kwa kutafuta sehemu moja inayotajwa na watu wengi wasiojuana, wakieleza dalili ile ile katika mwendo ule ule. Kugonga kwako kushoto kwenye matuta huenda ni bushi, zile raba za viungo vya chini, au kile kiungo cha stebilaiza, kazi ya nusu siku. Kule kutetemeka Uthiru ndiko ningekuangalia zaidi. Kama giaboksi ni CVT, ile isiyo na gia za hatua, muulize aliyeihudumia mara ya mwisho alitia oili gani. Wengi humimina ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ni rahisi, na CVT haisamehi. Ibadilishe kwa ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, halafu upande Uthiru tena. Likiendelea kutetemeka, uniandikie.

Sasa kutengeneza. Nenda kwa mwakilishi wa kiwanda hicho hapa Nairobi, lakini kabla hujaenda waandikie barua pepe, uambatanishe picha ya ukurasa na namba ya chasisi. Uulize kama kipuri kipo, kama kiwanda kinagharamia kwa gari ambalo wao hawakuliuza, na itachukua muda gani. Mtu wa mapokezi anaweza kukuambia hawashughuliki na mitumba. Usigeuze gari. Omba idara ya huduma ikujibu kwa maandishi, na nakala uitume kiwandani Japani. Jibu la maandishi lina uzito ambao neno la mapokezi halina. Wakikataa kugharamia, bado waombe waagize kifutuzi kipya kwa namba ya chasisi yako na wakifunge wao, wewe ulipe, na risiti uitunze kwa sababu ya mtu wa yadi.

Huyo naye asikutishe na "kama lilivyo". Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaostahili, na maneno ya mkataba hayawezi kuufuta wajibu huo. Mwandikie barua yenye tarehe, ueleze ulichokuta na unachodai. Akikaa kimya, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia wateja waliodanganywa. Pia ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Bei nzima ya gari inazidi kiwango hicho, lakini gharama ya matengenezo na thamani iliyopotea hazizidi. Hutaweza kuthibitisha nani aliushika ule wembe, na usimtuhumu kwa hilo. Unachohitaji kuonyesha ni kwamba gari lilitoka yadini kwake na taa imezibwa. Kwa hiyo ule utepe usiutupe. Uweke kwenye bahasha, na umwombe fundi wa stima aandike alichokiona, lini, aweke sahihi.

Nimeacha la mume wako mwisho kwa sababu ndilo zito. Hasira yake naielewa. Mtu anakatwa mkopo kila mwezi kwa gari lililofichwa ubovu, anataka pesa zake zirudi. Lakini mwambie hivi kutoka kwangu. Mwaka 2015 nilimuuzia binamu yangu gari bila kuangalia kama limeitwa. Sikuficha, sikujua kuuliza. Nilipokuja kujua na kuitafuta namba, mwito wa mfuko wa hewa wa dereva ulikuwa wazi. Nikampigia binamu, akaniambia aliliuza Nakuru. Nikampata wa Nakuru, naye ameliuza Busia, na wa Busia simu haikupatikana. Hadi leo nikiona gari la rangi ile barabarani naangalia namba. Mwito haumfuati mwenye gari, unafuata chasisi, na chasisi inaingia nyumba baada ya nyumba. Ninyi mnajua. Kama mtalipitisha kwenda Ruaka, mtakuwa wa kwanza katika mlolongo huo kulipitisha mkijua, na kiti kitakachokaliwa ni cha mama aliyejifungua juzi.

Kuliuza si vibaya. Liuze likiwa limetengenezwa, na risiti mezani, na huenda bei isishuke sana. Au liuze lilivyo kwa mtu aliyesoma ule ukurasa mwenyewe, mkateremsha bei, na mkaandika kwenye mkataba kwamba ameelezwa kuhusu mwito na kuhusu taa. Huyo wa Ruaka ni mfanyakazi mwenzake mume wako, wataonana kesho na keshokutwa. Mtumieni ile picha ya ukurasa leo jioni, kabla hajatia sahihi fomu za mkopo.